Omu mbili za kifaa kimoja

Kifaa kikifika mezani kwangu nakipima ukinzani (yaani kinavyouzuia umeme kupita, huhesabiwa kwa omu) mara mbili. Mara ya kwanza kikiwa kimelala: hakijachomekwa popote, kimepoa, mita iko upande wa omu. Mara ya pili kikiwa kazini, na hapo omu sizipimi, nazitafuta kwa hesabu: volti zilizopo kwenye ncha zake, ampea zinazopita ndani yake, nagawanya. Wapo mafundi wanaoishia kwenye kipimo cha kwanza, na wapo waliosoma fizikia wakaishia kwenye cha pili. Mimi nazitaka zote mbili, kwa sababu zikipishana, huko kupishana ndiko kunakoniambia kifaa kina nini.

Hesabu yenyewe haina makuu. Volti gawanya kwa ampea unapata omu, volti mara ampea unapata wati. Kwa anayeanza leo naandika kwa herufi: R = V ÷ I, na P = V × I. Kutoka hizo mbili zinazaliwa nyingine mbili, P = I² × R na P = V² ÷ R. Hizi mbili za mwisho zina ugomvi wao, nitaufikia.

Tuanze na birika la umeme, maana ndilo lenye tabia njema kuliko vyote vinavyopita mikononi mwangu. Chini limeandikwa wati 2000, volti 230. Ukichukua 230 mara 230 ukagawanya kwa 2000 unapata omu 26.45, ndivyo lilivyotoka kiwandani kwa mujibu wa maandishi yake. Nalipima likiwa baridi, ncha za mita kwenye pini mbili za plagi, swichi ya birika imebonyezwa (wengi wanasahau kubonyeza, wanaona mita haisomi kitu, wanatangaza koili, ule waya wa ndani unaopasha maji moto, imekatika). Linasoma 26.3. Kabla ya hapo nilikuwa nimegusanisha ncha za mita zenyewe kwa zenyewe zikasoma 0.2. Hiyo ni ya nyaya za mita, si ya birika, naitoa. Inabaki 26.1.

Sasa nalijaza maji na kuliwasha. Volti 228. Ampea nazipima kwa mita ya kubana, ile yenye taya, na taya zibane waya mmoja tu. Ukibana waya mzima wenye laini na nyutro pamoja, mkondo unaokwenda na unaorudi vinafutana, mita inasoma sifuri na wewe unaanza kuilaumu mita. Kwa hiyo nina kipande cha waya nilichokichana katikati, laini upande wake na nyutro upande wake, kwa kazi hiyo tu. Inasoma 8.6. Haya: 228 ÷ 8.6 ni omu 26.5, na 228 × 8.6 ni wati 1961.

Baridi 26.1, kazini 26.5. Tofauti ni kama asilimia moja na nusu, na sababu yake inajulikana: waya wa ndani ya koili ni wa nikromu, mchanganyiko wa nikeli na kromiamu ambao joto haliubadilishi sana. Omu mbili zimekubaliana, birika ni zima. Mwenye nalo alikuwa amelalamika kwamba siku hizi linachelewa kuchemsha. Sasa jaribu kuliweka kwenye umeme ulioshuka hadi volti 200. Omu ni zile zile 26.5, mkondo unakuwa ampea 7.5, nguvu inakuwa wati 1509. Volti zimepungua kwa asilimia 12 hivi, lakini nguvu imepungua kwa asilimia 23, kwa kuwa volti zikishuka zinashusha na mkondo pamoja nazo. Lita moja na nusu ya maji kutoka nyuzi 20 hadi 100 inahitaji jouli laki 5 na kidogo. Kwa wati 1961 hiyo ni dakika 4 na robo, kwa wati 1509 ni dakika 5 na nusu, bila kuhesabu joto linalotorokea pembeni. Birika halina kosa lolote. Kinyume chake ndicho cha kuogopwa: kifaa cha koili cha volti 120 kikichomekwa kwenye 240 kinavuta mkondo mara 2 na kutoa joto mara 4, na hakidumu.

Sasa ule ugomvi. Binti ninayemfundisha kazi aliniuliza swali ambalo watu wazima huona haya kuliuliza: "Fundi, P = I² × R inasema ukinzani ukizidi joto linazidi. P = V² ÷ R inasema ukinzani ukizidi joto linapungua. Nifuate ipi?" Zote ni kweli. Cha kuuliza ni nani anayeshikilia nini. Ukiwa na vifaa viwili, kila kimoja kimechomekwa peke yake kwenye soketi, kinachoshikiliwa, yaani kisichobadilika, ni volti: chenye omu chache ndicho kinachopata moto zaidi, ndiyo maana koili ya wati 2000 ina omu chache kuliko ya wati 1000. Lakini vitu vikipangwa kwenye mstari mmoja, mkondo ule ule ukivipitia vyote kimoja baada ya kingine, kinachoshikiliwa ni mkondo. Hapo chenye omu nyingi ndicho kinachopata moto.

Na mstari huo upo hata pale ambapo hujauona. Kati ya soketi na koili ya birika kuna waya, pini, skurubu zinazobana, viungio. Ampea 8.6 zinapita kote huko. Waya wa shaba wa milimita za mraba 1.5 una omu 12.1 kwa kilomita, kwa hiyo mita 20 za kwenda na 20 za kurudi ni omu 0.48, na zinakula volti 4 na wati 36. Wati 36 zilizotandazwa kwenye mita 40 za waya huzisikii hata ukiushika. Sasa chukua omu 0.5 hizo hizo uzikusanye chini ya skurubu moja iliyolegea ndani ya plagi. Hesabu haibadiliki, 8.6 × 8.6 × 0.5 ni wati 37, ila zote zinatokea mahali penye ukubwa wa punje ya mahindi. Chuma changu cha kulehemu ni cha wati 40 na kinayeyusha lehemu. Ndiyo maana plagi inageuka kahawia upande wa pini moja tu, na fyuzi haikatiki, kwa sababu mkondo haujazidi. Kwa kweli umepungua kidogo.

Skurubu hiyo ukiipima kwa omu kifaa kikiwa kimelala, mara nyingi inakudanganya. Imepoa, imetulia, mita inapitisha mkondo mdogo sana, inasoma 0.1 ambayo huwezi hata kuitofautisha na nyaya za mita. Ipime ikiwa kazini: volti kati ya upande mmoja wa kiungio na upande wa pili, birika likiwa linachemsha. Kiungio kizima kinasoma sehemu ndogo ya volti. Hiki kinasoma volti 4.3, na 4.3 ÷ 8.6 ni omu 0.5. Hiki ni kipimo cha umeme ulio hai, kifanywe na aliyezoea, kwa ncha zilizofunikwa vizuri, mkono mmoja ukiwa mbali na chuma. Anayejifunza aanze na betri ya volti 12, hesabu ni ile ile.

Balbu ya zamani, ile ya uzi unaowaka, ndiyo inayowaumbua wanaopima mara moja. Binti yule yule alipima balbu ya wati 60 ikiwa baridi, akapata omu 67. Akagawanya 230 kwa 67, akapata ampea 3.4, akazidisha, akapata wati karibu 790. Akanitazama. Hesabu haina kosa, na maandishi ya balbu hayana kosa. Ikiwa imewaka inavuta ampea 0.26, na 230 ÷ 0.26 ni omu 885. Uzi wa tangisteni ukifika nyuzi zaidi ya 2000 za Selsiasi ukinzani wake unapanda mara 13 na zaidi. Zile ampea 3.4 si za uongo, zipo, ila zinaishi sehemu ndogo tu ya sekunde pale swichi inapowashwa, kabla uzi haujapata moto. Ndiyo maana balbu hizi hupenda kufa wakati wa kuwashwa.

Basi kanuni ya Ohm, inayosema mkondo hufuata volti kwa uwiano ule ule, imevunjika? Wapo wanaosema hivyo. Mimi naona ni kumwonea mtu. Georg Simon Ohm alipofanya majaribio yake miaka ya 1820 alikuwa anapambana na tatizo hili hili la vitu kubadilika wakati vinapimwa. Betri za wakati ule zilikuwa zinayumba: unaunganisha waya, nguvu ya betri inashuka, unapima kitu kingine kabisa. Akaziacha. Akatumia kiungio cha metali mbili, bismathi na shaba, ncha moja kwenye maji yanayochemka na nyingine kwenye barafu inayoyeyuka, kwa sababu joto hizo mbili hazihami na umeme unaotokana na tofauti yake hauyumbi. Kitabu chake kilitoka 1827. Jambo ninalolipenda zaidi liko kwenye fomula yake ya awali, ambayo haikuwa hii fupi ya shuleni. Mkondo aliupata kwa kugawanya nguvu ya chanzo kwa jumla ya vitu viwili: urefu wa waya uliokuwa ukijaribiwa, na namba nyingine isiyobadilika ya sehemu zote zilizobaki za mzunguko. Yaani tangu mwanzo hakusahau kwamba chanzo cha umeme nacho kina ukinzani wake. Upande wa joto ulikuja baadaye, James Prescott Joule alipochapisha mwaka 1841 kwamba joto la waya linafuata mkondo mara mkondo mara ukinzani.

Namba hiyo ya pili ya Ohm naitumia kila betri inapoletwa. Betri ya volti 12 ukiipima haijaunganishwa na kitu inasoma 12.6, na mwenye nayo anaapa kwamba ni nzima. Nawasha taa inayovuta ampea 4 huku ncha za mita ziko pale pale kwenye vichwa vya betri: 11.8. Volti 0.8 zimekwenda wapi? Zimebaki ndani. 0.8 ÷ 4 ni omu 0.2, na 0.8 × 4 ni wati 3.2 zinazoipasha betri moto kutoka tumboni mwake. Kwa taa inaweza kutosha. Iunganishe na mota inayotaka ampea 30 wakati wa kuanza, hiyo omu 0.2 peke yake inadai volti 6.

Mota ni hadithi nyingine, na hapo ndipo ninapokaa muda mrefu. Nina mota ya feni ya volti 12. Ikiwa imelala waya wake wa ndani unasoma omu 1.2. Ikizunguka inavuta ampea 1.5, kwa hiyo V ÷ I inaleta omu 8. Ukidhani ni joto kama lile la balbu utakosea, maana shaba haipandi mara 6 na zaidi bila kuungua. Ukweli ni kwamba mota inayozunguka inazalisha volti zake yenyewe, zinazosukuma kinyume na zile za betri. Waya wa omu 1.2 wenye ampea 1.5 unahitaji volti 1.8 tu. Zilizobaki, 10.2, ndizo mota inazozisukumia nyuma. Sasa tenganisha nguvu: inayoingia ni 12 × 1.5, wati 18. Inayopotea kama joto kwenye waya ni 1.5 × 1.5 × 1.2, wati 2.7. Wati 15.3 zinazobaki ndizo zinazozungusha, sehemu yake inaliwa na msuguano wa ndani na sehemu inasukuma upepo. Hakuna hesabu nyingine ya darasa la mwanzo inayonionyesha hivyo mahali kila wati ilipokwenda.

Zuia feni hiyo kwa mkono isizunguke (hii ndogo, usijaribu kubwa). Volti za kurudi nyuma zinakufa papo hapo. Inabaki omu 1.2 peke yake mbele ya volti 12: ampea 10, wati 120, zote joto, na hakuna upepo wa kuipoza. Zile wati 2.7 zimegeuka 120. Mota iliyokwama kwa sababu nyuzi za nguo zimeingia kwenye mhimili wake inaungua kwa njia hiyo, na mwenye nayo anaapa kuwa haikuwa na kazi yoyote. Ni kweli, haikuwa nayo.

Mota hiyo hiyo ina jambo lingine zuri. Shaba hupanda ukinzani kwa karibu asilimia 0.39 kwa kila nyuzi moja ya Selsiasi. Ilisoma 1.2 asubuhi kwenye nyuzi 20. Ikifanya kazi muda mrefu nikaizima na kupima haraka, inasoma 1.4. Imepanda asilimia 16.7, ukigawanya kwa 0.39 ni nyuzi 43 hivi juu ya zile 20. Ndani ya waya ni karibu nyuzi 63, mahali ambapo kidole hakifiki wala kipimajoto. Kwa omu ndogo namna hii usitegemee mita ya kawaida upande wa omu. Pitisha ampea 1 inayojulikana, mota ikiwa imesimama, pima volti: 1.2 au 1.4, unasoma moja kwa moja.

Hapo pia panahusika mahali unapoweka ncha za volti. Kitu cha omu chache, ziguse kwenye kitu chenyewe, si kwenye vibanio vinavyoleta mkondo, maana vibanio navyo vina omu zao na utazihesabu bila kujua. Kwa omu nyingi sana shida inageuka. Mita ya kawaida ya dijitali upande wa volti ina ukinzani wa megaomu 10, yaani omu milioni 10. Ukiiweka sambamba na kitu cha megaomu 10, nusu ya mkondo unaousoma kwenye amita unapita ndani ya voltmita, na jibu lako linakuja 5. Katikati ya hapo, kati ya omu chache na kiloomu mia, pima upendavyo.

Taa za LED nazipitia haraka. Ukizigawanyia V kwa I unapata omu, ndiyo, ila hazifai kitu. Taa nyeupe kwenye volti 3 na miliampea 20 ni omu 150. Ishushe hadi volti 2.6, mkondo unaanguka karibu miliampea 1, na sasa ni omu 2600. Kwa hiyo LED haihesabiwi kwa omu zake, inahesabiwa kwa rezista (kipande chenye omu zinazojulikana) inayoitangulia. Chanzo volti 12, LED inachukua 3, zinabaki 9 kwa rezista. Tisa gawanya kwa 0.02 ni omu 450, dukani unachukua 470. (Ukigawanya 9 kwa 20 ukapata 0.45, ukaamini, hiyo LED utaiona ikiwaka mara moja tu. Miliampea zigeuze kuwa ampea kabla ya kugusa kitu kingine.) Kisha wati: 9 × 9 ÷ 470 ni 0.17. Rezista ya robo wati inaweza, lakini itakuwa ya moto. Mimi naweka ya nusu wati. Rezista inayofanya kazi chini ya nusu ya uwezo wake sijawahi kurudishiwa.

Umeme wa AC (ule wa soketi, unaogeuza mwelekeo kila mara) kwa vifaa vyenye chaja na transfoma una unafiki wake. Chaja ndogo inasoma volti 230 na ampea 0.09, ukizidisha unapata 20.7, lakini mita ya wati inasema 11. Mkondo wake hauendi sambamba na volti, unakuja kwa mikupuo mifupi, na namba ile ya kuzidisha inaitwa voltiampea, si wati. Kwa birika, pasi na hita zidisha bila wasiwasi. Kwa chenye kapasita (kipande kinachohifadhi chaji) au mota ya AC, azima mita ya wati.

Swali ninaloulizwa sana ni la mwenye mita inayopima volti tu, pengine ile ambayo fyuzi ya upande wa ampea imekatika kwa sababu mtu aliweka ncha zake moja kwa moja kwenye betri. Huhitaji amita. Tafuta rezista ya omu 0.1, ipange kwenye mstari na kifaa, pima volti zilizo juu yake, zidisha kwa 10: hizo ni ampea. Feni yangu ya ampea 1.5 inasoma volti 0.15 na rezista inapata wati 0.2, haishtuki. Ila ukitaka kuipima feni ikiwa imezuiwa, kumbuka omu 0.1 imeingia kwenye hesabu: 12 ÷ 1.3 ni ampea 9.2, siyo 10 tena, na rezista inapokea wati 8.5. Ya wati 5 itavumilia sekunde chache za kusoma namba. Zaidi ya hapo weka ya wati 20, uiinue kidogo isiguse meza.